Aliyeshona hamburger ile naye atajwe

Kwenye jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, Kanada, kuna sanamu ya hamburger iliyolazwa sakafuni. Upana wake unapita mita mbili. Ni turubai iliyokatwa, ikashonwa, ikapakwa rangi, na ndani ikashindiliwa sponji na maboksi. Juu ya mkate kumewekwa kipande cha tango la achari. Dunia inaijua kama kazi ya mchongaji wa Marekani, Claes Oldenburg, ya mwaka 1962. Wazo ni lake, sibishi. Ila aliyekaa kwenye cherehani ni mkewe wa wakati ule, Patty Mucha, na mimi nasema jina lake lilistahili kuwa pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Mambo yalianzia dukani. Mwishoni mwa 1961 Oldenburg alifungua duka kwenye jengo namba 107, East 2nd Street, New York. Nyuma anatengeneza, mbele anauza. Mashati, keki, vipande vya nyama, viatu, vyote vya kitambaa kilicholowekwa plasta na kuvishwa kwenye kiunzi cha waya, kisha kikapakwa rangi za kung'aa zilizoachwa zichuruzike. Bei zilianzia dola 21.79, na sanamu ya bibi harusi ilikwenda kwa mamia ya dola, pamoja na zile senti za mwisho zinazomfanya mteja ahisi amepunguziwa. Naipenda kazi hii kuliko nyingi za sanaa ya pop, ile sanaa iliyochukua vitu vya dukani na matangazo ikavifanya mada yake, kwa sababu haikuvicheka vitu vya watu wa kawaida. Keki zile zimetengenezwa na mtu mwenye njaa nazo.

Mwaka uliofuata, kwa maonyesho yake kwenye ukumbi wa sanaa wa Green Gallery, New York, vitu vikakua na kulainika. Kukawa na kipande cha keki cha kujaza chumba, koni ya aiskrimu yenye urefu wa zaidi ya mita tatu, na hamburger hiyo. Hapo ndipo mchongaji alipohitaji mshonaji. Na kushona kitu kama hicho si kazi ya kumalizia tu. Jiwe na shaba hupata umbo kwenye patasi au kwenye kalibu. Turubai hulipata kwenye mshono. Ukikata kipande vibaya, mkate unakuwa gunia. Ukivuta uzi kupita kiasi, nyama inakunjamana. Kila uamuzi wa aina hiyo ni uamuzi wa mchongaji, na aliyeukabili kwanza ni yule aliyeshika kitambaa.

Tazama pia choo laini cha Oldenburg cha 1966: vinyli iliyoshonwa na kujazwa usufi, usufi huu huu tunaotia kwenye mito. Choo tunachokijua ni kigumu, kizito, hakitikisiki. Hiki kimelegea, kinajiinamia kama mwili uliochoka. Mtu akisimama mbele yake anakumbuka tumbo lake, ngozi yake, uzee wake. Hisia hiyo yote inatokana na ulaini, na kazi laini za miaka ile zimepita sana kwenye mikono ya Patty Mucha. Wanahistoria wa sanaa wanalijua hilo vizuri. Mtazamaji wa kawaida hajawahi kuambiwa.

Na si yeye peke yake. Aprili 1964 Andy Warhol, msanii mwingine wa pop, alipanga kwenye ukumbi wa Stable Gallery, New York, masanduku ya mbao yaliyochapwa nembo za bidhaa, na yaliyovuma zaidi ni yale ya Brillo, sabuni na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona, na swali la kwa nini sanduku hili ni sanaa na lile la dukani si sanaa likamshika maisha yake yote. Ni swali zuri. Linaloniuma mimi ni kwamba boksi la dukani nalo lilikuwa na msanii wake. Liliundwa mwaka 1961 na James Harvey, mchoraji wa picha dhahania aliyekuwa akijikimu kwa kubuni vifungashio. Mawimbi yale mekundu na meupe, yale maandishi ya buluu na mekundu, jicho linalopendezwa nayo linapendezwa na kazi yake. Harvey alihudhuria ufunguzi wa maonyesho hayo. Mwaka 1965 akafariki.

Najua nitaambiwa kwamba fundi hulipwa ujira wake, na sifa ni ya mwenye wazo. Kwa sanamu ya mfalme juu ya farasi labda ningenyamaza. Lakini sanaa ya pop ilikuja na dai lake yenyewe: kwamba kitu cha rafuni, kilichotengenezwa na watu tusiowajua, kinastahili kutazamwa kwa heshima. Huwezi kukitukuza kitu hicho na papo hapo ukawafuta waliokitengeneza. Dai lenyewe linavunjika.

Tena njia nyingine ilikuwepo, na Oldenburg mwenyewe aliifuata baadaye. Mwaka 1977 alimwoa Coosje van Bruggen, Mholanzi aliyebobea katika historia ya sanaa, na kuanzia miaka ya 1980 kazi zao kubwa zikabeba majina mawili. Sanamu yao ya kijiko kikubwa mjini Minneapolis, Marekani, iliyokamilika 1988, ina urefu wa karibu mita 16 na imebeba cheri nyekundu. Kijiko ni wazo la mume, cheri ni la mke, na wote wawili wameandikwa. Sioni kinachozuia hamburger ya Toronto kupata mstari mmoja wa ziada: imeshonwa na Patty Mucha.