Kuzima maonyo ya Access kwenye makro: sawa, lakini uyazime wapi?

Ukiwa na makro (orodha ya hatua zinazojiendesha zenyewe) ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata, inayofungua kweri (query, yaani maagizo kwa hifadhidata) za kuongeza, kusasisha au kufuta data, kila kweri inakuletea visanduku viwili, cha kwanza kinasema unataka kubadilisha data kwenye tebo, cha pili kinakutajia idadi ya rekodi na kukuonya kwamba ukibonyeza Yes hamna kurudi nyuma. Kweri nne, visanduku nane. Ndo maana kila anayeuliza anapewa jibu lile lile: anza makro na SetWarnings, hatua ya kuwasha na kuzima maonyo, iwe No, yameisha. Mi nasema hilo jibu ni nusu tu, na nusu iliyoachwa ndo inayopoteza data za watu.

Wanaotaka kuzima wana hoja nzito na sitaki kuidharau. Onyo linalotokea mara nane kwa kazi moja halimlindi mtu, karani anabonyeza Yes bila hata kusoma, na siku onyo la kweli likija nalo litabonyezwa hivyo hivyo. Halafu kuna kazi za usiku, yaani Task Scheduler ya Windows inafungua Access saa nane usiku kwa /x (alama ya kuiambia Access iendeshe makro ikifunguka) na jina la makro, sasa nani atabonyeza Yes saa hiyo? Kisanduku kinakaa pale mpaka asubuhi na ripoti haijatoka.

Ila angalia SetWarnings inafanya nini hasa. Inafanya kama vile kuna mtu anabonyeza Enter kwenye kila meseji, na meseji zenyewe si zile za "una uhakika?" peke yake. Tuseme SACCOS inaingiza malipo 300 ya marejesho ya mikopo kutoka kwenye stetimenti ya simu, 12 yana namba ya risiti ambayo tayari imo kwenye tebo, na mengine 5 kiasi kimeandikwa 25,000/= kama maandishi. Maonyo yakiwa wazi Access inakwambia kabisa kwamba imeshindwa kuongeza rekodi 12 na imeacha sehemu 5 tupu, je, niendelee hivyo hivyo? Ukiwa umezima inaendelea. Tebo inapokea rekodi 288, tano kati yake hazina kiasi, hakuna aliyeambiwa, na mwezi ukiisha kuna mwanachama anadaiwa hela aliyoshalipa. Hapo ndo hasira yangu ilipo, maana anayeumia siye aliyeandika makro.

Kwenye VBA, lugha ya kuandikia programu ndani ya Access, ni mbaya zaidi. Makro ikiisha Access yenyewe inarudisha maonyo, lakini ukiandika DoCmd.SetWarnings False yanabaki yamezimwa mpaka uandike True au ufunge Access, kwa hiyo kosa likitokea katikati na ule mstari wa True usifikiwe, mtu anaendelea na kazi zake, anafuta rekodi kwa mkono na haulizwi kitu. Na hata kazi ya usiku haijapona, kwa sababu meseji za makosa na kisanduku cha kuomba parameta (thamani ambayo kweri inasubiri kupewa) vinatokea kama kawaida. Kuondoa tiki ya Action queries kwenye Client Settings, ndani ya Options za Access, nako hakusaidii sana, ile ni mipangilio ya mtumiaji kwenye kompyuta yake, haisafiri na faili.

Mi nashauri uendeshe kweri kwa VBA, kwa amri ya CurrentDb.Execute pamoja na dbFailOnError. Haiulizi swali lolote, lakini rekodi ikigoma inatoa kosa na kweri nzima inarudishwa nyuma. Usisahau hilo neno dbFailOnError, bila hilo Execute nayo inameza rekodi kimya kimya. Anza na Set db = CurrentDb halafu tumia db.Execute na db.RecordsAffected (idadi ya rekodi zilizoguswa), maana kila ukiita CurrentDb unapata kitu kipya na hesabu ya kweri yako haimo humo.

Ina gharama zake lakini. Kweri inayosoma thamani kutoka kwenye fomu itakutupia kosa 3061 (parameta hazitoshi) mpaka uipe parameta mwenyewe kupitia QueryDef, yaani kweri yenyewe ikishikwa ndani ya VBA, na mtu anayetengeneza makro tu, hajui VBA, huwezi kumwambia akajifunze leo ili kazi ya kesho iende. Huyo atumie SetWarnings ndani ya makro (toka toleo la 2007 mpaka ubonyeze Show All Actions ndo uione, na faili liwe linaaminika), aiweke kuzunguka kweri moja tu, airudishe Yes hapo hapo, na ahesabu rekodi za tebo kwa DCount, fomula ya kuhesabu ya Access, kabla na baada. DCount itamwonyesha zile 12 zilizokataliwa, zile 5 tupu haitazigundua mpaka ahesabu na rekodi zisizo na kiasi.

Na kama kweri zako nne zinategemeana, dbFailOnError inailinda ile moja iliyogoma tu, ya tatu ikianguka mbili za kwanza zimeshaingia, kwa hiyo zifunge zote ndani ya BeginTrans (kuanza) na CommitTrans (kuthibitisha), ziingie zote au isiingie hata moja, na Rollback, inayorudisha zote nyuma, ikae kwenye sehemu ya kushika makosa.