Madini joto kwenye mkojo: tugawe kwa kreatinini au tuache?

Juzi hapa Dunda, Bagamoyo, dada mmoja jirani yangu, mimba ya miezi minne, karudi na karatasi ya maabara ya mkojo imeandikwa madini joto (iodini) 62, mikrogramu kwa lita, na pembeni wameandika inatakiwa 150 kwenda juu. Basi machozi, eti mtoto atazaliwa taahira. Mdogo wa mumewe anasomea mambo ya maabara, akaidaka ile karatasi, akaona chini kuna kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, gramu 0.4 kwa lita, akapiga simu yake mahesabu, akasema shem tulia, 62 gawa kwa 0.4 ni 155, umevuka. Yaani mtu yuleyule, mkojo uleule, dakika mbili nyuma mgonjwa saa hizi mzima. Baraza zima likaanza kubishana na mimi nimo.

Kijana ana hoja, tusimbeze. Madini joto unayokula, zaidi ya asilimia 90 yanatoka kwa haja ndogo ndani ya siku moja au mbili, ndo maana mkojo unapimwa badala ya damu. Tatizo ni maji. Anayeshinda juani kwenye mashamba ya chumvi kule Nunge mkojo wake unatoka kama chai ya rangi, aliyekunywa madafu matatu unatoka kama maji ya bomba, na wote wamekula mchuzi wa chungu kimoja. Kreatinini kwa mtu mzima inatoka kama gramu moja na kitu kwa siku bila kupandapanda sana, kwahiyo ukigawia hapo unakuwa umeondoa habari ya maji. Na huyu dada ndo akakumbuka, asubuhi ile alikuwa na ultrasaundi, kaambiwa anywe maji mpaka kibofu kijae, halafu kwa kibofu hichohicho akaenda kujaza kikopo! Hapo 62 isingekuwa ndogo kwanini. Hata Uingereza, utafiti uliotoka 2013 uliwagawa wajawazito kwa uwiano huuhuu, chini ya mikrogramu 150 kwa gramu ya kreatinini na juu yake, na watoto wa wale wa chini walikuwa nyuma kidogo kwenye vipimo vya akili walipofika miaka 8. Sio kitu cha mtaani.

Ila misuli haigawiwi sawa jamani. Mvuvi anayevuta jarife kila siku na bibi yake aliyekaa ukumbini hawatoi kreatinini sawa, mwanaume na mwanamke hawatoi sawa, mtoto ndo kabisa. Chukua watoto wawili wa darasa moja, mkojo wa kila mmoja una madini joto 60. Wa kwanza kashiba, kreatinini 0.6, uwiano 100. Wa pili kadhoofu, nyama haoni, kreatinini 0.2, uwiano 300. Yaani mwenye njaa ndo anaonekana ana madini joto ya kumwaga! Hili mimi linaniuma kuliko mengine yote, maana kosa lenyewe linawaangukia walewale ambao kipimo kililetwa kwa ajili yao. Ndo sababu Shirika la Afya Duniani kwenye kupima jamii linasema acha kugawa, chukua mikojo ya watu wengi, panga namba, tazama ya katikati, wanafunzi iwe 100 mpaka 199, wajawazito 150 mpaka 249. Kwenye kundi aliyekunywa sana na aliyekauka wanafidiana, na unaokoa hela ya kipimo cha pili.

Sasa angalieni neno kundi, maana hapo ndo wote tuliteleza. Ile 150 kwenye karatasi ya dada ni ya kundi la wajawazito, sio ya mjamzito mmoja. Kumjua mtu mmoja kwa ukaribu wa asilimia 20 hivi zinatakiwa sampuli kama 10 za siku tofauti, kwahiyo 62 haikumhukumu na 155 ya shemeji haikumwachia huru. Msimamo wangu, maabara ikipima kreatinini iandike namba zote mbili kama ile ilivyofanya, wasitoe uwiano peke yake, kwasababu ukishaona 155 tu huwezi kujua kama madini joto ndo mengi au kreatinini ndo ndogo.

Halafu kuna mzee akadakia eti sisi watu wa pwani madini joto tunayavuta na upepo. Mzee wangu shikamoo lakini hapana, Pemba imezungukwa na bahari na upungufu umekutwa hukohuko. Maji ya bahari ukiyakausha chumvi inabaki na madini joto kidogo mno, mpaka inyunyiziwe kama ile ya pakiti. Mwani unayo, kweli, ila unaolimwa Mlingotini hapa Bagamoyo unakaushwa unauzwa nje, nani kauona kwenye sahani?

Mimi nikamuuliza yule dada swali moja tu, chumvi unanunua wapi. Akasema ile ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo gengeni, pakiti ni ghali. Shemeji mtu akaacha kugawa, akanyanyuka akaenda dukani.