Tishari Kuukuu Kuwa Nyumba: Kwanza Tuulize Lina Chini Gani

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 na kuondoa haja ya vivuko katika eneo hilo, swali la hatima ya vyombo vikuukuu vya Ziwa Victoria limepata uzito mpya hapa Mwanza. Wapo wanaopendekeza kwamba tishari, yaani chombo kipana cha kubebea shehena, lililomaliza kazi ya mizigo linunuliwe, likarabatiwe na ligeuzwe nyumba inayoelea, kama ilivyo Amsterdam, mji wenye makazi ya majini takribani 2,500. Binafsi nalipenda wazo hilo, lakini nadhani watetezi wake wanaanza hesabu na vyumba na madirisha, wakati gharama yenyewe iko chini ya maji.

Hoja yao ina mashiko. Tishari lina tumbo pana na lenye nafasi, na maji yasiyo na chumvi hula chuma polepole kuliko ya bahari. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa 1916, iliopolewa mwaka 1924 na ikafanya kazi kwa miongo mingi baada ya hapo. Chuma kilichotunzwa huishi.

Hata hivyo, kutunzwa huko hakuonekani kwa kusimama gatini. Chombo lazima kipandishwe kwenye chelezo, mahali pa kutolea meli majini ili zikaguliwe, magamba ya kutu yakwanguliwe, na fundi apite na nyundo akigonga bamba moja baada ya jingine: lililo zima hulia kwa mlio mkali, lililoliwa hutoa mlio butu. Kisha kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha unene uliobaki. Sehemu ya kutiliwa shaka zaidi ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya tumbo la chombo, kwa ndani, ambako maji ya mvua na mabaki ya shehena hutuama miaka nenda rudi, na kutu hula kutoka upande ambao mnunuzi hauoni. Kuchomelea kiraka juu ya bamba lililochoka ni rahisi, lakini unyevu ukinaswa kati ya mabamba mawili, uozo unaendelea ukiwa umefunikwa.

Jambo la pili ni uwiano wa uzito. Tishari liliundwa kubeba shehena tumboni. Likiwa tupu huelea juujuu, na mtu akilijengea ghorofa sitahani na kuweka tangi la maji juu yake, anapandisha uzito mahali pabaya kabisa. Mkoa uliozika watu wa MV Bukoba, meli ya abiria iliyopinduka na kuzama Mei 21, 1996, hauhitaji kukumbushwa maana yake. Hesabu hizo ni za mhandisi wa meli, na ukaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, usichukuliwe kama usumbufu wa makaratasi.

Lakini kwangu mimi linaloamua ni choo. Amsterdam iliweza kuziunganisha nyumba zake za majini na mabomba ya majitaka. Mwanza inakunywa maji ya ziwa hilihili, yanayovutwa Capri Point na Butimba, na magugumaji yanayotusumbua hustawi kwa uchafu tunaouteremsha. Tangi la majitaka ndani ya tishari linasaidia tu ikiwa gari la kunyonya linaweza kufika gatini, jambo lisilowezekana katika mialo mingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na sioni jinsi nyumba inayotegemea ngazi, umeme na maji ya nchi kavu itakavyolikwepa swali hilo kwa kuwa inaelea. Gati lenyewe lazima liweze kupanda na kushuka, maana mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilijaa hadi likavamia makazi ya pwani.

Kwa hiyo ningeunga mkono matishari machache yaliyofungwa pamoja kwenye gati moja lililopimwa, lenye bomba la majitaka linalotumiwa na wote, kuliko kila mwenye fedha kutia nanga anapopenda. Anayetaka kununua alipie upimaji wa chombo kwenye chelezo kabla ya kulipia chombo, na awe na kibali cha mahali pa kukifunga mkononi. Akikosa kimojawapo, heri tishari hilo liuzwe kama chuma chakavu.