Kikaango Kilichopigwa Msasa

Mke wangu alikipata kile kikaango kwa zamu yake ya mchezo. Wenzake walinunua vitenge, yeye akanunua kikaango cha teflon, cheusi, kinateleza kama kambare. Kikaingia nyumbani na sheria zake: mwiko wa mbao tu, stilwaya marufuku, watoto wasikiguse. Sheria hazikunitaja mimi, na baadaye nilijaribu sana kujitetea kwa hilo.

Chanzo ni magimbi. Mama mkwe alikuja Tanga mjini kutoka Muheza na kapu la magimbi, juu kalifunika kwa majani yake mabichi. Nilikuwa nanawa mikono bombani, maji yakarukia jani. Hayakulilowesha hata kidogo. Yalijikunja yakawa shanga, yakakimbizana kama zebaki, yakaanguka chini yakibeba na vumbi la safari. Mtu mwingine angesema "makubwa" akaenda kula. Mimi ni mwalimu wa fizikia.

"Mama, unajua kwa nini jani hili halilowi?"

"Kwa sababu ni la gimbi, mwanangu."

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikamweleza kwamba ukiliweka chini ya hadubini utaona vinundu vidogo kuliko unene wa unywele, vimepakwa nta, na kwamba tone la maji hukaa kwenye ncha za vinundu tu, chini yake hewa, kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Nikamtajia na Wajerumani wawili, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walioandika habari hii mwaka 1997 kwa kulichunguza jani la lotasi, ua la majini la huko Asia.

"Na Muheza walifika?" akauliza.

Usiku umeme ukakatika, nikapata mshumaa na wazo. Nilishika kijiko juu ya ulimi wa moto mpaka kikawa cheusi kwa masizi, nikadondosha maji. Tone likacheza juu ya masizi kama gololi! Nikaligusa kwa furaha. Masizi yote yakahamia kidoleni, kutoka kidoleni yakahamia kwenye kitambaa cha meza, na kesi ya kwanza ikafunguliwa.

Nilihitaji kitu kisichofutika. Nikakumbuka kusoma kwamba mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walisugua teflon kwa msasa wa kawaida wa dukani. Teflon laini hulifanya tone lisimame kwa pembe ya nyuzi 110 hivi, ukipima ndani ya tone pale ubavu wake unapogusa teflon. Ikipigwa msasa namba 240 inafika 150, tone linakuwa duara kabisa na halitulii. Msasa namba 240 ulikuwa stoo, umebaki tangu nipige vanishi milango. Teflon nayo nilijua imetundikwa wapi.

Nikaamka kabla ya adhana. Nilisugua kwa mizunguko, kwa upole, kama seremala anayemalizia kitanda cha harusi. Asubuhi nikawakusanya jikoni, nikainamisha kikaango, nikadondosha maji. Yakateremka mbio, yakaruka ukingo, yakatua kwenye kanga ya mama mkwe.

"Bibi," akasema mwanangu wa mwisho, "kikaango kinakojoa!"

Mke wangu hakucheka. Aliinama akakitazama kwa karibu, halafu akanitazama mimi kwa karibu zaidi.

"Mwalimu. Umekifanya nini?"

"Nimekiboresha."

Akapasua mayai matatu bila neno. Kwanza mafuta: hayana adabu ya maji, hayajikunji, yalizama kwenye mikwaruzo yote yakatulia humo. Halafu mayai. Yalishika kama stempu kwenye bahasha. Mwiko wa mbao ulishindwa, kijiko kikaitwa, na kilichofika mezani kilikuwa matambara ya njano yenye vidoadoa vyeusi.

Mama mkwe akakitoa kimoja ulimini, akakikagua kwenye mwanga.

"Pilipili manga hii mbona haiwashi?"

Ikabidi niseme. Wale watafiti walisugua bonge zima la teflon. Ya kikaango ni utando tu, mwembamba kuliko unywele, na chini yake aluminiamu. Punje za msasa wangu zilitosha unene wa utando wote, au kuuzidi. Sehemu nyingine nilitengeneza jani la gimbi, sehemu nyingine nilifika kwenye bati, na yai lilichagua bati.

"Sisi zamani mbao tulizisugua kwa majani ya mti wa msasa," mama mkwe alisema taratibu. "Mbao. Vyombo vya kupikia, hapana."

Tukanywa chai na magimbi ya kuchemsha. Kikaango kikahamia maabara ya shule, wanafunzi wanakipenda: tone linakimbia vizuri, likifika kwenye doa la aluminiamu linakwama, kengele inalia.

Wiki mbili baadaye kondakta wa basi la Muheza aliniita stendi, akanikabidhi mzigo uliofungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na kikaango cha chuma, kizito kama nanga, na ujumbe wa mdomo.

"Mama amesema hiki kinasuguliwa."