Matarumbeta yetu yamekosa mpinzani

Msafara wa harusi ukipita Dar es Salaam, kundi la matarumbeta likiwa limesimama nyuma ya pikapu, hakosi mtu wa kusema vyombo vimechakaa ndiyo maana vinalia ovyo. Sikubaliani naye. Tarumbeta lililobonyea ubavuni bado linaweza kulia sawasawa. Kinachokosekana ni mpinzani wa kuwatia wapigaji aibu.

Beni, ngoma ya bendi na bibi yake matarumbeta haya, ilianzia mwambao wa Kenya miaka ya 1890, na ushindani ndio uliokuwa roho yake. Mombasa walikuwepo Kingi na Skochi. Tanganyika walikuwepo Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake vya kijeshi, sare na gwaride, tena ulisaidia wanachama wake kwenye shida na misiba. Kuharibu mbele ya upande wa pili ilikuwa fedheha ya mtaa mzima.

Wanaosema ilikuwa kasumba tu ya kuiga Wazungu hawajaitazama vizuri. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, kule Ziwa Nyasa ambako vyombo vya shaba havikupatikana, watu walitoboa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimbia humo mpaka vikavuma. Ngoma hiyo, mganda, ingali inachezwa.

Hata Uingereza mambo yalikwenda hivyohivyo. Vali, yaani pistoni ya kubonyeza kwa kidole inayorefusha bomba, ilipata hataza Prussia mwaka 1818, na baada ya kuboreshwa, vidole vitatu vya mfanyakazi wa kiwanda vikatosha kupiga noti ambazo tarumbeta la zamani halikuwa nazo. Lakini bendi zao zilinolewa na mashindano, kama yale ya Belle Vue, Manchester, yaliyoanza 1853.

Pasipo shindano, nani atahangaika na bomba la pistoni ya tatu? Pistoni ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Zikibonyezwa pamoja, urefu unaoongezeka hautoshi, kwa hiyo noti ya D ya chini (pistoni 1 na 3) inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, na C shapu (zote tatu) inapanda zaidi. Dawa yake ni kusukuma nje bomba la tatu wakati unapiga: sentimita moja hivi kwa D, mara mbili yake kwa C shapu, halafu sikio liamue. Sasa jaribu kulivuta bomba hilo kwenye matarumbeta ya kukodi. Limeng'ang'ania, kwa sababu halijapakwa grisi tangu linunuliwe, na atakayelivuta kwa koleo atalikunja. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Ya moto sana yanabambua rangi.

Pistoni zenyewe zinataka mafuta mepesi ya pistoni. Ya kupikia yanaganda na kushika vumbi. Zimeandikwa 1, 2, 3, na ukizichanganya, tundu zake hazilingani na pumzi inakwama, kisha fundi analipwa kwa ugonjwa ambao haukuwepo.

Halafu kuna jua. Kundi linatuni asubuhi kivulini, linapiga saa nane mchana barabarani. Hewa ndani ya bomba ikipata joto, sauti inapanda, wala haipandi sawa kwa wote: tarumbeta linapashwa haraka na pumzi, tuba, lile kubwa la sauti nene, inachelewa. Pulizeni kwanza dakika kumi hivi, palepale mtakapopigia, ndipo mtuni.

Kwa hiyo wenye kumbi na wafadhili wa ngoma waandae mashindano, na masharti yasiwe mengi. Wimbo uwe mmoja kwa makundi yote, wenye D ya chini ya kushikilia muda mrefu. Jaji, kama Waingereza walivyozoea, akae ndani ya hema lililofungwa asione nani anapiga, na sare zihukumiwe na mtu mwingine kabisa.