Calke Abbey: cheo kilikufa, nyumba ikabaki

Calke Abbey, jumba la mabwana kule Derbyshire nchini Uingereza, haikupata sifa kwa uzuri. Ilipata sifa kwa sababu wenyewe hawakutupa kitu.

Henry Harpur aliinunua ardhi ile mwaka 1622, na miaka minne baadaye akapata ubaroneti. Cheo hicho kilibuniwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611 alipokuwa na shida ya fedha: gharamia askari 30 kwa miaka mitatu, uitwe Sir, na mwanao wa kiume arithi. Biashara tu. Nyumba iliyopo sasa ilijengwa kati ya 1701 na 1704.

Aliyeanza kujitenga na watu ni baroneti wa saba, Sir Henry. Mwaka 1792 alimwoa Nanette Hawkins, mtumishi wa ndani, na wakubwa wenzake wakamgeuzia kisogo. Upweke huo ukarithiwa pamoja na cheo. Wa kumi, Sir Vauncey, alijaza vyumba ndege waliokaushwa, mayai na vipepeo, na magari akayapiga marufuku kwenye ardhi yake. Umeme uliingia 1962!

Mwanawe pekee wa kiume alifariki 1921. Vauncey mwenyewe akafuata 1924, na ubaroneti ukaishia hapo, ingawa alikuwa na mabinti. Hapa ndipo ninapokereka. Hilda, binti mkubwa, hakufaa kurithi cheo, lakini kodi ya mirathi alifaa kuilipa, hata akauza sehemu ya ndege wa babake.

Baada yake nyumba ilishikwa na Charles, mtoto wa dada yake. Charles alipofariki 1981, kodi ilikuwa mamilioni ya pauni. Mwaka 1984 Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, alitenga pauni milioni 4.5 kwenye bajeti kuiokoa nyumba, na 1985 ikakabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale. Wanaolalamika kwamba mlipakodi alibebeshwa mzigo wa matajiri siwapingi sana. Ila masandukuni mlikutwa mapazia ya kitanda ya hariri ya Kichina, ya karne ya 18, rangi zikiwa mbichi kana kwamba yametoka dukani jana.

Wahifadhi waliziba paa, wakazuia uozo, basi. Karatasi za ukutani zimeachwa zibanduke. Mimi nawaunga mkono: majumba mengi ya mabwana yamepakwa rangi mpaka hujui nani aliishi humo. Calke, kila kabati la kioo linakuonyesha Vauncey. Hilda ni wa kumtafuta.