Kijiti cha Kulia Kina Majina Mangapi?

Nilipomaliza mchezo mdogo wa magari ambao nilikuwa nikiuandika usiku baada ya kazi, nilimpa mpwa wangu pedi ya kuchezea michezo, ya USB na ya bei nafuu, ili aujaribu. Kabla hajagusa chochote, kamera ilianza kuzunguka kuelekea kushoto huku ikiinuka, na punde kioo kizima kikajaa anga. "Mjomba, mbona gari lako linatazama mbinguni?" akaniuliza. Nilikuwa bado natafuta jibu alipogundua kwamba akiminya L2 na R2, vile vitufe viwili vya nyuma ya pedi, nusu na kuzishikilia hapo, kamera inatulia. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameuona ugonjwa kabla ya mwandishi wa programu.

Katika programu yangu kamera huongozwa na kijiti cha kulia, kile cha kidole gumba, na nilichukulia kwamba husomwa kwenye mihimili (njia ambazo pedi hutumia kutuma namba za mwendo) ya Rx na Ry, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwenye pedi niliyoizoea. Pedi hii ilikiweka kijiti hicho kwenye Z na Rz, na Rx na Ry ikazipa L2 na R2. Kitufe cha aina hiyo kisipominywa hutoa namba ya chini kabisa, yaani sifuri katika kipimo cha 0 hadi 255, na programu inayodhani inasoma kijiti huielewa namba hiyo kuwa kijiti kimesukumwa hadi mwisho, kushoto au juu. Ukikiminya nusu unafika karibu na 128, ambapo kijiti halisi hukaa kikiwa hakijaguswa.

Ni rahisi kumtupia lawama mtengenezaji wa pedi ya bei nafuu, lakini mimi sioni kosa lake. DualShock 4 ya Sony nayo hupanga mihimili yake vivyo hivyo inapounganishwa kwa USB. Pedi ya Xbox 360, ikisomwa kwa DirectInput, njia ya Windows ya kusoma vifaa vya michezo, hukiweka kijiti cha kulia kwenye Rx na Ry, kisha vitufe viwili vya nyuma vinagawana mhimili mmoja wa Z, kiasi kwamba ukiviminya vyote kwa pamoja vinafutana na programu haioni kitu. Dereva anayetaka kukanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja hana lake hapo. Wote hawa wanatumia majina yaleyale ya kiwango kimoja.

Kasoro imo ndani ya kiwango chenyewe, HID, kinachoeleza jinsi vifaa kama kipanya, kibodi na pedi vinavyozungumza na kompyuta, ambacho toleo lake la 1.11 ni la mwaka 2001. Jedwali lake la majina huanza na X kwa namba 0x30, likafuatiwa na Y, Z, Rx, Ry na Rz hadi 0x35. Matatu ya kwanza ni mwendo wa kufuata mstari, na matatu ya mwisho ni mzunguko wa kuuzunguka mstari huo. (Y nayo ina vituko vyake: huongezeka kuelekea kwa mchezaji, kinyume na grafu za shuleni, hivyo kusukuma kijiti mbele hupunguza namba.) Kwa mpini wa kurushia ndege za kwenye kompyuta majina haya yanaingia akilini, maana ukiusokota mpini, huo kweli ni mzunguko wa kuuzunguka mhimili uliosimama, Rz halisi. Kijiti cha pili cha pedi hakisokotwi wala hakipandi na kushuka. Hicho ni X na Y nyingine, na jedwali halina jina la X ya pili, kwa hiyo kila kampuni imeokota lililobaki.

Wapo wanaotetea kwamba HID hueleza umbo la kifaa tu na kuiachia programu iamue matumizi. Ningewaelewa kama Rz ya pedi ingekuwa inaeleza umbo lolote. Kiwango cha Gamepad cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, ambacho huziwezesha kurasa za kivinjari kusoma pedi, kilifanya la busara zaidi, kwa kutaja mahali kitu kilipo mkononi: katika mpangilio wake wa kawaida, kijiti cha kulia ni mihimili namba 2 na 3, na L2 na R2 ni vitufe namba 6 na 7. Tatizo ni kwamba kivinjari lazima kwanza kiitambue pedi kabla ya kuitafsiri, na pedi yangu haikutambuliwa.

Kwa hiyo nimeacha kuyaamini majina. Sasa mchezo huanza kwa kusoma namba za pedi ikiwa haijaguswa, kisha humwomba mchezaji asukume kijiti cha kulia kuelekea kulia, na mhimili wowote utakaosogea ndio unaoandikwa. Mpwa wangu alipofika hapo aliminya R2 kwa makusudi, akanitazama, na programu ikaipokea bila ubishi. Jioni hii naongeza mstari wa kuukataa mhimili wowote ambao usipoguswa hautulii katikati.